Paka kaziba mkojo, mwenyewe yuko angani: uchambuzi wa kisa cha biashara changa ya kutunza wanyama

Hiki ni kisa cha mtu aliyeanzisha biashara ya kutunza wanyama wa watu wakiwa safarini, na kabla hata hajazoea kazi akajikuta usiku kliniki na paka asiye wake, mwenye paka hapatikani, daktari anauliza nani anasaini. Majina nimeyatoa, mji nimeutoa, na vitu vidogo vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mhusika namwita D, na ameridhia kisa chake kiandikwe. Nakiweka hapa kwa wanaotaka kuingia kwenye kazi hii kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka ni wa kutafuta wateja, namna ya kupiga picha nzuri, namna ya kujitangaza, na ni wachache sana wanaokaa chini kumwambia mtu kwamba siku unapokabidhiwa ufunguo umekabidhiwa na maamuzi pia, uwe umeyaomba au hujayaomba.

Usuli

D alikuwa ameajiriwa, anapenda wanyama toka utotoni, na majirani walishazoea kumwachia mbwa na paka wao wakisafiri, bure kabisa au wakirudi wanamshika mkono kidogo. Ikafika mahali watu asiowajua wakaanza kumpigia, fulani kanipa namba yako, unaweza kuja kumwangalia paka wangu wiki hii? Akaona hii ni biashara, akaacha kuifanya kwa hisani.

Hakukodi jengo. Yeye anakwenda nyumbani kwa mteja mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, analisha, anasafisha, anacheza na mnyama au anamtembeza kama ni mbwa, anapiga picha na kuzituma. Kwa paka huo ndio mpango ninaoukubali zaidi, maana paka kashikamana na mahali pake kuliko anavyoshikamana na watu, ukimhamishia nyumba ngeni anajichimbia chini ya kabati na kugoma kula, na paka akigoma siku kadhaa, hasa akiwa mnene, ini lake linajaa mafuta na hilo peke yake linaweza kumuua.

Kuna vitu viwili alivifanya mwanzoni kabisa ambavyo wengi hawavifanyi. Kwanza alipita kliniki ya wanyama iliyo karibu na eneo lake, akajitambulisha, akaeleza kazi anayofanya, akaondoka na namba ya dharura ya usiku. Pili aliweza kusema hapana. Kuna mtu alitaka amtunzie mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, D akakataa, kwa sababu siku hiyohiyo alikuwa anaingia kwenye nyumba zenye mbwa wengine na virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara hatari kwa mbwa, vinakaa kwenye udongo na kwenye soli za viatu kwa miezi, na mtoto wa mbwa anachanjwa kwa awamu mpaka afike kama wiki 16 hivi, kabla ya hapo kinga yake haiaminiki. Mwenye mbwa alichukia. D akaachana naye.

Upande wa pili sasa. Fomu yake ilikuwa ya ukurasa mmoja: jina la mnyama, anakula nini, kiasi gani, namba ya simu ya mwenyewe, namba ya mtu wa karibu. Bei ilikuwa moja kwa siku, haijalishi wanyama wangapi, haijalishi nyumba iko umbali gani. Alikuwa peke yake, hana mtu wa kumshikia akikwama. Na msimu wa likizo ulipoingia simu zikamiminika, akachukua nyumba 5 kwa wakati mmoja, ambazo kila moja kivyake ilikuwa rahisi tu.

Kilichotokea

Mteja wa kisa hiki alikuwa mpya. Hawakuonana kikao cha kueleweka, waliongea kwenye simu, na ufunguo D aliupokea getini mteja akiwa tayari na mabegi. Paka wawili, dume aliyehasiwa na jike, boksi la mchanga moja. Mteja akamwambia dume huwa anapata choo kigumu mara mojamoja, usishtuke ukimuona anajikamua. Kuhusu ugonjwa alisema neno moja tu, "akiumwa, dada yangu, we nipigie." Wakaagana.

Siku ya kwanza shwari. Siku ya pili asubuhi D akisafisha boksi akaona kitu. Ule mchanga unaogandana mkojo ukiingia huacha mabonge, na paka wawili wazima huacha mabonge ya kutosha, makubwa kama ngumi ya mtoto. Asubuhi hiyo kulikuwa na mabonge mawili ya kawaida na vijibonge vidogo sana vimetawanyika pembeni. Akavipiga picha kwa sababu ni kawaida yake kupiga picha kila kitu, akaandika saa, akamtumia mteja, na mteja akajibu kwamba ni kile choo kigumu, atakuwa sawa. Baada ya hapo mteja akapanda ndege, safari ndefu.

Jioni dume alikuwa ndani ya boksi D alipofungua mlango. Kachuchumaa, mkia umenyanyuka unatetemeka, anajikamua, hatoi kitu. Akatoka, akaenda kona, akajilamba sehemu zake kwa muda, akarudi tena kwenye boksi. Mara ya tatu akatoa sauti nzito ya chini ambayo D anasema hajawahi kuisikia kwa paka. Chakula cha asubuhi kilikuwa kimeguswa upande mmoja tu, kile cha bakuli la jike.

D akamtumia mteja ujumbe wa sauti. Tiki moja. Akapiga, haipatikani. Akapiga ile namba ya mtu wa karibu, ikapokelewa na jirani ambaye hakujua hata kama namba yake iliandikwa popote, akasema mimi sihusiki na mambo ya paka, subiri mwenyewe atue.

Sasa D alikuwa na nyumba mbili zaidi za kupita usiku ule, mojawapo ya mbwa aliyefungiwa ndani toka asubuhi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusubiri au kutosubiri. Mteja alishamwambia ni choo kigumu, na mteja ndiye anayemjua paka wake, kwahiyo kusubiri asubuhi kungeonekana ni kumheshimu. D hakusubiri ila pia hakukimbia kliniki kichwakichwa, alipiga ile namba ya usiku kwanza. Aliyepokea akamuuliza maswali matatu: dada, huyo paka ni dume au jike? Mkojo unatoka au hautoki? Ameanza kutapika? D akajibu dume, sijaona mkojo wa kueleweka toka jana, hajatapika. Akaambiwa mlete sasa hivi, usingoje kesho.

Sababu ya haraka hiyo kila anayetunza paka aijue. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana kule mwishoni, unazibwa kirahisi na chembechembe za madini zilizochanganyika na ute, au kwa misuli kukaza tu kibofu kikiwa kimevimba. Na msongo wa mawazo unachangia, mwenye nyumba kaondoka, mtu mgeni anaingia na kutoka, kwahiyo wiki ya safari ndiyo wiki ya hatari. Mkojo ukikwama figo zinashindwa kusafisha damu, potasiamu inapanda, na potasiamu ikipanda inavuruga mapigo ya moyo. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Na kwa macho ya mtu asiyejua anafanana kabisa na paka mwenye choo kigumu, anachuchumaa vilevile na anajikamua vilevile.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa usafiri. Boksi la kubebea paka lilikuwepo nyumbani humo ila limefungiwa stoo na ufunguo wa stoo mteja kaondoka nao. D akachukua tenga la nguo chafu lenye mfuniko, akatandika taulo, akamwingiza paka akiwa kamfunika na taulo jingine kisha akafunga mfuniko kwa mkanda. Jike akamfungia chumba kingine na maji na chakula.

Uamuzi wa tatu ndio ulikuwa mgumu. Daktari alipapasa tumbo akakikuta kibofu kigumu, kimejaa, akasema inabidi adungwe dawa ya usingizi, apitishwe katheta, yaani mrija wa kutolea mkojo, awekewe dripu na alazwe. Kisha akauliza, wewe ndiye mwenye paka? Katika nchi nyingi mnyama kisheria ni mali ya mwenyewe, na dawa ya usingizi kwa paka mwenye potasiamu iliyopanda ina hatari yake, anaweza kufia mezani. Kliniki ilikubali kumpa dawa ya maumivu na kupima damu mara moja, ila kwa hatua inayofuata walitaka saini ya mtu mwenye mamlaka na malipo ya kuanzia. D hakuwa na karatasi yoyote.

Alichofanya ni hiki. Aliwaonyesha mazungumzo yake yote na mteja kwenye WhatsApp, kuanzia siku ya kukubaliana kazi mpaka picha za mchanga, akaomba daktari amrekodie kwa sauti hali ya paka, nini kitatokea wakisubiri na gharama inakadiriwa kiasi gani, akamtumia mteja rekodi hiyo papo hapo, kisha akasaini kama mtunzaji na kulipa malipo ya kuanzia kwa hela yake ya mfukoni. Akaniambia baadae kwamba alijiuliza swali moja tu, mteja akitua na kukuta paka kafa wakati nilikuwa kliniki nimesimama mlangoni nasubiri simu, nitamwambia nini.

Uamuzi wa nne hakuufanya, na huo ndio uliomgharimu upande wa pili. Yule mbwa aliyefungiwa ndani hakuna aliyekwenda. D alikumbuka saa nne usiku, akiwa bado kliniki.

Matokeo

Paka alipona. Alilazwa siku tatu, katheta ikatolewa, wakamwangalia kwanza kama anakojoa mwenyewe kabla ya kumruhusu, maana paka aliyeziba mara moja anaweza kuziba tena siku chache zijazo. Mteja alipotua simu ikafunguka na ujumbe wote ukaingia kwa mkupuo, akapiga analia, akaridhia matibabu.

Wiki moja baadae sauti ilikuwa nyingine. Alihoji kwanini paka hakupelekwa kwa daktari wake wa siku zote, ambaye D hakuwahi kutajiwa, na kwanini hakuambiwa gharama kabla, ingawa ile rekodi ya daktari alikuwa nayo. Alirudisha hela ya kliniki kwa awamu mbili. Muda wa D, usafiri wa kwenda na kurudi kliniki siku zote zile, hakulipa, na kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba angelipa D hakuwa na pa kushika. Hakumrudia tena kama mteja.

Mwenye mbwa naye akaondoka. Mbwa alikutwa usiku sana kachafua sebule na kutafuna kingo ya mlango. Yule mteja hakuwa na ugomvi na D kwa kwenda kliniki, alisema wazi kwamba hata yeye angefanya hivyo, aliuliza tu kwanini hakupigiwa simu, maana alikuwa na ndugu umbali wa dakika chache ambaye angekwenda kumfungulia mbwa.

D alisimamisha kazi mpya kwa muda, akamaliza zile alizoshika, akakaa kuandika upya kila kitu.

Uchambuzi: kilichomwokoa paka

Cha kwanza ni mchanga. Watu wakisikia kutunza paka wanafikiria kulisha na kubembeleza, lakini habari za afya ya paka ziko kwenye boksi la mchanga. Mabonge mangapi, makubwa kiasi gani, toka lini. D hakuwa na elimu ya udaktari, alikuwa na picha za asubuhi za kulinganisha na za jioni, na zile picha ndizo zilizomfanya aseme bila kusita kwenye simu kwamba mkojo hautoki. Tena kwa paka wawili wanaotumia boksi moja ilikuwa rahisi sana kudanganyika, maana jike alikuwa anakojoa vizuri na mabonge yake yangeweza kumficha dume. Siku hizi D akikuta nyumba ya paka wengi anaomba yawepo maboksi kadhaa sehemu tofauti, na wiki hiyo anakaa nao muda mrefu zaidi ili aone nani anaingia wapi.

Cha pili ni kule kujuana na kliniki kabla ya shida. Simu ya usiku ilipokelewa na mtu anayejua D ni nani. Malipo ya kuanzia walimpunguzia. Mtu mgeni kabisa aliyebeba paka kwenye tenga la nguo saa tatu usiku, huku akisema paka sio wake, angekuwa na usiku mrefu zaidi.

Cha tatu, hakuyachukua maelezo ya mteja kama ndio mwisho wa habari. Hapa nataka nieleweke vizuri: mteja hakudanganya, paka wake kweli huwa na choo kigumu. Ila maelezo ya mwenye mnyama yanahusu jana na juzi, na wewe ndiye uliyesimama mbele ya mnyama leo.

Uchambuzi: kilichokwama

Mzizi wa yote ni kikao ambacho hakikufanyika. Watunzaji waliojipanga, wakiwemo walio kwenye vyama kama Pet Sitters International kilichoanzishwa Marekani mwaka 1994, wanalichukulia lile la kuonana na mteja nyumbani kwake kabla ya kazi kama sehemu ya kazi yenyewe. Kikao cha nusu saa kingeonyesha kwamba ufunguo wa stoo haupo kwenye bunda, kwamba kuna daktari wa siku zote, kwamba jirani hajui kama kaandikwa, na kwamba siku ya pili mteja atakuwa angani. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji ujuzi wa wanyama. Kwenye kikao hichohicho unatembea nyumba nzima na macho yako: maua ya lili mezani, ambayo kwa paka hata unga wake akiulamba kwenye manyoya unaweza kuua figo, bigijii zisizo na sukari zenye zailitoli, kitia utamu ambacho ni sumu kwa mbwa, kwenye nyumba ya mbwa, dirisha lisilofunga vizuri.

Halafu karatasi ya ruhusa. "Akiumwa nipigie" haikuwa na jibu la swali moja, usipopokea je? D sasa hachukui ufunguo bila maneno haya kusainiwa, nayaweka kama yalivyo kwenye fomu yake:

"Nisipopatikana ndani ya saa moja, namruhusu mtunzaji kumpeleka mnyama wangu kwa daktari niliyemtaja hapa, au kliniki iliyo wazi karibu zaidi, na namruhusu daktari kumtibu kwa gharama isiyozidi kiasi nilichojaza. Ikizidi hapo mwenye kuamua ni mtu niliyemtaja, ambaye nimeshaongea naye na amekubali. Uamuzi wa kumpumzisha mnyama kwa sindano ni wangu au wa mtu huyo, sio wa mtunzaji. Gharama zote za kliniki nitazirudisha ndani ya siku saba, pamoja na muda na usafiri wa mtunzaji kwa bei tuliyokubaliana."

Nakala moja inabaki kliniki kabla mteja hajasafiri. Sentensi ya mtu wa pili D huihakikisha mwenyewe, anampigia mtu huyo mbele ya mteja. Ile ya kumpumzisha mnyama, yaani kumuua kwa sindano ili asiteseke zaidi, iliwekwa kwa ushauri wa daktari, na mimi naiona ndiyo ya muhimu kuliko zote, kwa sababu hakuna mtunzaji anayepaswa kubeba uamuzi huo juu ya mnyama wa mtu mwingine, usiku, peke yake.

Kuhusu kuwa peke yake. Nyumba 5 sio nyingi kama kila kitu kinakwenda sawa, ila ratiba yake haikuwa na pengo hata moja la dharura. Alikuwa amehesabu muda wa kukaa na mnyama na muda wa njiani basi. Kwenye kazi hii ukikwama nyumba ya pili, za tatu, nne na tano zote zina mnyama anayesubiri ambaye hawezi kujifungulia mlango. D ametafuta mwenzake anayefanya kazi hiyohiyo eneo la jirani, wamekubaliana kushikiana, kila mmoja ana orodha ya nyumba za mwenzake, na wateja wameambiwa jina lake toka mwanzo. Funguo zina namba tu, anuani iko sehemu nyingine, ili bunda likipotea aliyeliokota asijue mlango ni upi.

Bei nayo imeshiriki, ingawa kwa juujuu haionekani. Bei moja kwa siku ilimlazimu achukue nyumba nyingi ili hesabu ifike, na nyumba nyingi ndizo zilizomkosesha nafasi. Sasa anatoza kwa ziara, anaongeza kwa kila mnyama wa ziada na kwa umbali, nyumba zimepungua, na mapato anasema hayajashuka.

Bima niiguse kidogo. Mahali inapopatikana ni vizuri kuwa nayo, lakini soma maandishi madogo, kwa sababu bima nyingi za kawaida za biashara zinalipa madhara uliyomsababishia mtu wa nje na zinaacha nje mali ya mteja iliyo chini ya uangalizi wako. Na mnyama anaweza kuhesabiwa ni mali iliyo chini ya uangalizi wako. Uliza swali hilo kwa maneno hayohayo na upate jibu la maandishi kabla hujalipa.

Kuna waliomwambia D kwamba fomu ndefu itafukuza wateja. Wapo waliokataa kusaini, mmoja alisema hawezi kumpa mtu asiyemjua ruhusa ya kutumia hela yake, na D alimwelewa, akamshauri atafute ndugu wa kukaa na paka wake, na kazi ile hakuichukua.